Pippa Mpelelezi, Mimi Maiti

Gwen uko wapi? Shika simu basi!

Pippa kapata. Ile nafasi ya mpelelezi kwenye tamthilia, tuliyoigombea sote wawili. Pippa! Aliyekuwa anacheza nesi wa kupita tu na trei!

Na nani alimshikia simu jikoni kwake akijirekodi majaribio? Mimi. Nani alimsomea maneno ya mhusika wa pili? Mimi. Nikamwambia, "Usilie kwa sauti, shosti. Meza mate kwanza, chozi lije baadaye." Nilimpa kilio changu, Gwen! Changu!

Sasa sikia hii. Wakala wangu kanipigia sasa hivi. "Habari njema, mpenzi! Wanakutaka na wewe, tamthilia ile ile."

Nikadakia: Nacheza nani?

"Maiti."

MAITI, Gwen. Ninaokotwa mtoni pale Leeds, Pippa anapiga magoti kando yangu, ananililia. Wakala anasema eti nina uso mtulivu!

Nimekubali. Usinicheke.

Nitalala kwenye matope, macho nimefumba, nikimsikiliza akinililia kwa kilio changu mwenyewe. Na akikikosea, haki ya Mungu, nafufuka.