Kinanda Kilibaki Kinapiga Peke Yake

Maman Virginie mupendwa wa redio, nakuomba shauri, ju ata mama yangu sijamuambia vile niko naumia. Mimi ni musichana wa Kadutu, niko napiga kinanda cha courant, cha umeme, katika orkesta ya Papa Aloys, kile chenye buto za mitindo: unafinya rumba, ngoma inaanza yenyewe, unafinya cha-cha, vilevile. Kwa répétition, tukijizoeza, napiga muzuri mpaka majirani wanacheza na sufuria mikononi, lakini nikiona watu wameketi mbele yangu, wee, naona macho tu, buto zote zinanipotea. Sasa samedi, jumamosi iliyopita, kwa ndoa moja ya Nyawera, bibi-arusi anaingia, watu wote wamesimama, nikataka kufinya rumba, kidole kikaanguka kwa valse! Valse, Maman, ile ngoma ya wazungu! Nikasikia watu wa sale nzima wanapiga makelele na kucheka, nikatoka mbio kwa mulango wa jikoni, nikaacha kinanda kinapiga peke yake, nikajificha kwa wamama wapishi, nyuma ya sufuria za bugali, mpaka mwisho. Na samedi hii dada yangu mukubwa Bibiane anaolewa, hapa hapa Kadutu, na amesema hataki mutu mwingine kwa kinanda, ni mimi tu, ju tangu utoto yeye njo alikuwa ananipigia makofi nikijifanya napiga kinanda kwa meza ya kulia. Nawaza nimudanganye kwamba niko na malaria. Nisaidie, ju dada yangu nampenda, na kinanda nakipenda pia.

Nsimire

Citoyenne Nsimire, Maman Virginie anakujibu: malaria inaua watu, usiichezee! Pole, mwanangu. Ule woga naujua: miaka yote hii niko mbele ya mikro, na kila asubuhi taa nyekundu ikiwaka, nakamata meza na mikono mbili. Woga hautaondoka. Utaenda nao kwa kazi, basi.

Lakini acha nikugombeze. Ulikimbia haraka mno! Mimi nilikuwa kwa ile ndoa, meza ya pili, na pagne yangu mupya ya kitenge. Ulisikia makelele, hukuona sababu yake. Baba wa bibi-arusi, yule muzee mukali asiyechekaka, aliinuka, akamukamata bibi yake mukono, wakazunguka sale nzima na valse yako! Mama akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Njo tulikuwa tunapigia makelele. Papa Aloys akafuata na gitaa, kinanda chako kikaendelea, chenyewe hakiogopi watu. Tukageuka tukupigie makofi. Kiti tupu. Nilikasirika kabisa.

Sasa sikia. Samedi kula viazi mbele ya kwenda, usipande jukwaa na njaa. Bandika sparadrap, ile plasta ya kidonda, kwa buto ya rumba, kidole kiijue. Papa Aloys akae karibu yako. Usiangalie sale, muangalie Bibiane peke yake. Ukikosea, endelea. Makalio kwa kiti mpaka wimbo wa mwisho!

Na kisha keki, finya valse, safari hii kwa kupenda. Muzee wangu hajacheza na mimi tangu ndoa yetu. Wiki hii nzima anajifunza hatua za valse jikoni, ananikanyaga vidole. Ndoa ya Kadutu haifungiake mutu mulango, kwa hiyo tunakuja. Ole wako tukute kiti tupu.