Mstari wa Kijani Umejaa, Picha Hazijasogea

Mpendwa mshauri,

Naomba uniokoe kabla ya Ijumaa, maana mimi na mke wangu tuna studio ya picha, yeye anapiga na mimi nakaa kwenye kompyuta, na nilimwambia aache kuchambua picha za harusi moja moja kwani natengeneza programu ndogo, haina vitufe wala madoido, unaandika amri moja tu kwenye skrini nyeusi na kila picha inakwenda kwenye folda ya mwenyewe, na kusema kweli imeanza vizuri sana, tayari ina jina, ina salamu, ina maelezo ya kumwongoza mtumiaji, na ina mstari wa kijani unaojaa kadiri kazi inavyokwenda, kilichobaki ni hiyo sehemu ya kuchambua picha tu. Juzi nikawa naujaribu huo mstari, mke wangu akapita nyuma yangu, akauona umejaa pomoni, akasema, "Mume wangu, leo umenitoa kimasomaso!" na kabla sijafungua mdomo akawapigia simu bibi harusi wawili waje Ijumaa, na picha zao bado zimechanganyika, na tangu hapo ananisifu kwa dada zake, nami nashindwa kusema. Je, niupunguze kasi ule mstari, au nitoe toleo jipya?

Mtaalamu wa skrini nyeusi

Mtaalamu,

Pole. Sifa usizostahili ni tamu, najua. Lakini umepaka rangi mlango wa duka lisilo na bidhaa, halafu unaniuliza kama mlango ufunguke taratibu! Huo mstari unajaa kwa sababu uliuambia ujae, basi. Na bibi harusi akifungua picha zake akamkuta bwana wa mwenzake, atakayeitwa tapeli si wewe uliyejificha nyuma ya kompyuta, ni mkeo.

Mwambie leo, akiingia tu. Usimweleze habari za toleo, anza na samahani. Atafoka, mwache afoke. Kisha kaeni wote wawili mchambue kwa mkono. Yeye anazijua sura za watu, wewe hamisha picha na unyamaze. Mkiona hamtawahi, wateja wapigiwe simu mapema, na upige wewe.

Programu usiitupe. Futa mstari wa kijani, uifundishe kuhamisha picha moja, moja tu, mkeo akiangalia. Na kabla ya siku hiyo, akikuuliza imefikia wapi, mjibu bila kupamba: "Mke wangu, haijaanza."