Mrija Usiovutwa

Mama Ekirapa, salamu kutoka kwenu Chakol, mvua tangu asubuhi.

Majibu ya vipimo vyangu yalitoka Busia. Daktari anasema seli za tumbo zina protini za kuzisukuma zigawanyike, na nyingine za kuzisimamisha zikaguliwe kwanza, kama malori pale mpakani Malaba. Zangu za kusimamisha zimelegea. Bado si saratani, lakini ndiyo njia ya kuelekea huko. Amenikataza pombe kabisa.

Hapa kwenu sikusema kitu. Jana chungu cha ajon, ile pombe yenu ya wimbi, kiliwekwa katikati ya wazee, nikapewa mrija. Mkwe atakataaje? Niliuweka mdomoni bila kuvuta.

Baba yako alikuwa amekaa kando yangu. Akaniinamia.

"Huvuti," akasema polepole. "Hata mimi sivuti, miezi mingi sasa. Uji wenyewe unanichoma. Usimwambie binti yangu."

Nilimwahidi, na bado nakuandikia, kwa sababu kuogopa peke yangu nimeshindwa. Kadi hii ikikufikia nitakuwa nimeshampeleka kwa daktari yuleyule.

Mwambie Ekirapa babu yake anampenda. Na mimi pia.

Baba Ekirapa