Mlamula Nilioung'oa Ikulu

Jumamosi. Mvua imekatika mchana, jua linachoma, matope bado yapo.

Mmepotea wapi nyinyi? Miezi inapita hamfungui ukurasa huu, hamji hata kunisalimia, kisha mnaniandikia "tumekumisi bibi". Mmenimisi vipi na miguu mnayo? Wewe unayekaa Miembeni, hapo mjini tu, ndiyo usiseme kabisa. Mimi shule sikwenda. Mkwe wangu Jovitha ndiye anayeandika ninachosema, na nimemwambia asinipambe. Leo hasa asinipambe.

Nina aibu.

Tulikwenda mimi na yeye kutembea ikulu ya zamani, pale alipokaa mukama, mfalme wetu, enzi zile za watawala. Masika haya pamependeza. Nyasi laini, miti mikubwa imenawiri, na mtu yeyote anazunguka atakavyo. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikamwonyesha Jovitha kila kitu kama vile nilizaliwa humo ndani. Hapa zilikaa ngoma, pale walipita wake zake. Nusu nilikuwa natunga.

Nyuma ya nyumba kubwa bustani haina uzio. Unatembea tu, mara uko kwenye migomba. Hapo nikaona mlamula mchanga, umenyooka vizuri. Kwa msiokulia huku, ni mti tunaoupanda kuweka mpaka wa shamba. Wangu umekauka, na jirani yangu ameanza kusogeza migomba yake. Nikasema, huu ndio wenyewe.

Jovitha akasema, "Mama, tuombe kwanza."

"Nimwombe nani? Mukama kafa zamani!"

Nikacheka peke yangu, nikaushika kwa mikono miwili, nikaung'oa na mizizi yake. Ardhi ilikuwa laini mno.

Ndipo akaja Adela, mke wa mtunza bustani. Nyumba yao iko hapo hapo kwenye migomba. Alikuwa ameona wageni, akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Akatazama mkono wangu.

"Waitu, Ma," akasema polepole, kwa heshima ya kwetu, "huo urudishe. Hapo amelala mwanangu."

Kwetu mlamula tunaupanda na kaburini. Najua hilo. Nimeupanda mwenyewe kwa mume wangu. Wa mpakani husimama ukingoni mwa shamba. Huu ulikuwa katikati ya migomba, kichwani pa kituta kidogo ambacho nilikuwa nimekikanyaga. Macho yangu hayana shida. Nilikuwa natafuta cha kubeba, basi.

Nilipiga magoti. Mwanamke wa umri wangu hampigii magoti aliye sawa na binti yake, lakini nilipiga, kwenye matope, nikachimba kwa kucha, nikaurudisha. Nikasema nisamehe. Adela alishika shina lisilale wakati nashindilia udongo, vidole vyake karibu na vyangu.

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akaninyooshea kikapu. "Tafuna, Ma. Umetoka mbali."

Bora angenitukana.

Njiani Jovitha alitangulia mbele, anatembea haraka. Nikamwambia, "Sema basi kwamba nilikuwa mpumbavu."

"Mama, ulikuwa mpumbavu."

Na hilo nimemwambia aliandike.

Sijui kama mlamula ule utashika. Kuna mizizi ilikatika nilipovuta, niliisikia ikikatika, na bado nikaendelea kuvuta.

Sasa nyinyi, mkija, msianzie kwangu. Shukeni Kagoma, kwenye ile ikulu, piteni kwanza kwa Adela. Wasichana mpige magoti, wavulana mvue kofia, mmwambie mmetumwa na yule bibi. Msiguse kitu. Tazameni tu kama mlamula umetoa jani jipya, ndipo mje kuniambia. Na kama umekufa, msinidanganye.