Upinde Uliolowekwa Kama Tangawizi

Same Mjini,
Mkoa wa Kilimanjaro.
16 Desemba 2024

Mpendwa Shangazi Honorata,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti lako likiwa limepata nafuu, na mvua za Singida zikiwa zimekuruhusu kupanda alizeti kwa wakati. Huku tu wazima. Kikohozi cha Mama kimepoa, ingawa sauti haijarudi sawasawa. Baba anashinda shambani, na tangawizi ya mwaka huu imejaa vizuri. Mimi naendelea kufundisha historia kwa mkataba wa muda, nikisubiri ajira ya kudumu kwa subira ambayo sikuzaliwa nayo.

Sikupiga simu kwa sababu ulisema mwenyewe kwamba magomvi ya ndugu hayasikilizwi kwa spika. Hili ni gomvi la ndugu, na linahusu upinde aliokukabidhi Babu Sifael. Ninao mimi, chumbani kwangu. Baba Mkubwa Wilbard anautaka kabla ya Jumamosi tarehe 28, siku ya mkutano wa ukoo kule kwetu mlimani, Mamba, ili autie upote, yaani kamba ya kuvutia, na kupiga mshale mbele ya watu wote. Ukivutwa, utavunjika. Nisingekusumbua kama kungekuwa na mtu mwingine anayemsikiliza.

Yalianza kwenye chakula cha kipaimara cha mdogo wangu Eva. Baba Mkubwa alisimulia habari ile ya kila mwaka: kwamba baba yake Babu Sifael alisimama uani kwetu, akampiga mwizi wa ng'ombe ng'ambo ya korongo, hatua mia nne, mshale ukatoboa ngao, ukampita mtu, ukakita kwenye mti. Kisha akanigeukia mbele ya wageni. "Msomi wetu yupo hapa, atuthibitishie." Ningenyamaza, Shangazi. Lakini niliombwa uthibitisho, na uthibitisho sikuwa nao.

Nilieleza kwa adabu. Nilisema upinde haukuzaliwa vitani, ulizaliwa mawindoni. Kusini mwa Afrika vimechimbuliwa vichwa vya mawe ambavyo wataalamu wengi wanaamini vilikuwa vya mishale, na umri wake ni zaidi ya miaka elfu sitini. Vita viliuazima baadaye, kila watu kwa namna yao. Wapanda farasi wa Asia waliunganisha mti, pembe na mishipa ya wanyama, wakapata upinde mfupi wenye nguvu za ajabu. Waingereza walichonga pinde ndefu kuliko mtu, nzito kiasi kwamba wapiga mishale walianza mazoezi wakiwa watoto, na mifupa ya mabega yao ikabadilika umbo. Hata hao, mshale wao ulipokutana na bamba zuri la chuma kwa mbali, mara nyingi uliteleza.

Upinde wetu ni mti mmoja wa mkole, mita moja na robo. Umetengenezwa kwa ajili ya vichaka na miteremko. Hatua sitini, themanini kwa mkono hodari, na kilichoua hakikuwa nguvu bali sumu iliyopakwa nyuma ya kigumba, ile ncha ya chuma kutoka kwa wahunzi wa Ugweno. Mimi naona hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi. Mtu aliyemngoja adui mpaka hatua sitini ana moyo kuliko aliyempiga akiwa uani kwake.

Baba Mkubwa hakuona sifa yoyote. Alisema, "Kwa hiyo babu yetu alikuwa anawinda digidigi, na hao wezi aliwafukuza kwa nyimbo?" Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba korongo lenyewe nimelipima, halifiki hatua mia tatu. Akaweka kijiko chini. "Shahada imekupa jicho la kuutazama upinde, Eliamini. Mkono wa kuuvuta haikukupa. Tarehe 28 utaona."

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo uvumilivu wangu ulipoishia. Wiki iliyofuata nilipanda Mamba, nikaukuta upinde ndani ya karo la kuoshea tangawizi, umekandamizwa kwa jiwe, siku ya pili. Miaka yote ile juu ya moshi wa jiko ulikouacha, umekauka ukawa kama mfupa, halafu majini. Nilipouliza sababu, alinijibu kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake: "Tangawizi iliyosinyaa tukiiloweka hujaa na kunyooka. Mti nao una tofauti gani?" Amelima tangawizi miaka arobaini, na imemletea kila kitu, hata jibu hili.

Niliutoa, nikaufunga kwenye kanga ya Mama, nikaondoka nao kwa bodaboda. Hapa mjini nimeukausha polepole kivulini. Karibu na mshikio umetokea ufa, mwembamba kama unywele, unaokwenda urefu wa kidole. Nimempelekea picha. Anasema ufa huo ni wa bodaboda na mashimo ya ile barabara, na kwamba karoni ulikuwa mzima. Shangazi, mimi ninayedai ushahidi kwa kila mtu, katika hili sina. Sikuukagua kabla ya kuondoka. Nilikuwa na hasira. Huenda ni maji, huenda ni mimi.

Nilijaribu njia ya amani. Nilikwenda Hedaru kwa mzee Loth, fundi wa mipini, akakubali kuchonga upinde mpya wa mkole kwa kipimo kilekile ili Baba Mkubwa apige huo. Jibu lilikuja kupitia kwa Baba: upinde usiojua damu hauthibitishi kitu, na nisipoleta ule wa zamani nisikae kula kwenye sahani moja na ukoo. Baba hasemi lolote zaidi ya kuniomba niyamalize.

Babu alikupa wewe, si yeye wala mimi. Nakuomba umpigie kabla ya tarehe 28, useme upinde urudi juu ya jiko na usitiwe upote tena. Akinisikia mimi, anasikia shahada; wewe dada yake mkubwa, uliyembeba mgongoni, hatakubishia. Nami nitaurudisha kwa mikono yangu. Na atakaposimama kusimulia hatua mia nne, nitakaa kimya. Akinigeukia tena mbele ya wageni, nitasema, "Ndivyo tulivyosimuliwa." Sijawahi kumpa mtu kitu kigumu kuliko hicho.

Mama anakusalimu sana, na Baba, na Eva anayeshukuru kwa kitenge. Nisalimie Mjomba Tomaso na wote wa nyumbani kwako. Mungu akulinde, akupe miguu ya kupanda tena mlima wetu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikiwa na hasira na nduguyo,

Eliamini