Barabara Inayopita Kaburini Kwako

Baba,

Shikamoo. Nimekukasirikia wiki nzima, mpaka mke wangu kasema, "Mwandikie huyo mzee, utuache sisi tulio hai."

Unawakumbuka wale vijana waliokuja kupima mtaa? Ulifunga geti, ukatuamuru tukae ndani kimya, ukaingiza hata kuku. "Hao watu wa kodi. Wakikuta kimya watapita." Mimi ndiye niliyemziba mbwa mdomo. Tulicheka sana siku ile! Basi walipita kweli, Baba, na kwa kuwa hawakuona ndani wakaandika kwamba ua huu ni kiwanja kitupu. Sasa ramani ya mtaa imetoka. Kwenye kiwanja kitupu wamechora barabara, imenyooka kama rula, na katikati yake umelala wewe.

Zamani ramani zilipitishwa Dodoma. Ulipofuatilia hati yako ulipanda basi na koti lako la misa, ukarudi na vumbi na neno moja: "Wamesema tusubiri." Siku hizi madaraka hayo yameletwa mkoani. Ramani inasainiwa hapa hapa Songea. Ukitoka nyumbani unatafuna muwa, haujaisha umefika. Nikatangaza kijiweni kwamba kwangu mimi, niliyefika Lilongwe na Blantyre kwa Kiingereza cha darasa la sita, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nikavaa ile miwani yangu isiyo na namba.

Ofisini, binti wa mipango miji akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee, ramani bado haijasainiwa. Ila barabara haifutwi, inasogezwa. Kulia ni nyumba ya Mama Zuhura. Kushoto kuna nini?"

Kushoto kuna ukumbi wangu wa sherehe, Baba. Ule wa nguzo nne na simba wawili wa saruji, ule ambao ulipouona uliuliza, "Mwanangu, hawa simba wanakula nini?"

Nikamwambia nitafikiria. Nilitaka aseme "tusubiri" kama wale wa Dodoma! Wakiwa mbali unawatukana, unalala vizuri. Huyu kesho yake alikuja na bodaboda, akasimama kaburini kwako, akavua helmeti, akanitazama. Nitamlaumu nani mimi? Wewe umekufa, na mbwa nilimziba mwenyewe.

Mama Zuhura ni mjane, hana pengine pa kwenda. Wewe ndiyo kabisa. Nikasaini isogezwe kushoto. Nusu ya ukumbi inabomolewa, na kijiweni wananiita Bwana Harusi Nusu. Waache. Hakuna mwingine mjini hapa ambaye barabara ya serikali imepinda kwa ajili ya baba yake.

Simba mmoja nimempa Mama Zuhura, wajukuu wake wanampanda kutwa. Mwingine nimemweka miguuni kwako. Hali chochote, usijali.

Malori ya mahindi yatapita hatua chache kutoka kichwani kwako. Yavumilie, nasi tulikuvumilia. Pumzika sasa, Baba. Na nakuahidi, wapimaji wakija tena watakuta geti liko wazi, kuku wako nje, na mbwa nitamwacha abweke mpaka achoke.

Mwanao, mwenye simba.