Mizani Imeamka Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mizani ya wodi ya watoto imenyamaza. Uzito hauingii kwenye kompyuta, na bila uzito programu yetu ya kukokotoa dozi ni bure. Nilidhani waya. Si waya! Kifurushi kimoja cha programu kimegawanywa wiki iliyopita. Waliokitengeneza wamekitoa kile kipande cha kusoma mizani – eti anayekihitaji akitafute kivyake. Sisi hatukuwahi kukiomba. Kilikuja tu mgongoni mwa kingine, kama mgeni aliyeletwa na mgeni. Tukazoea sura yake, tukasahau kwamba hatukumwalika.

Jumanne, 4 Machi

Binti wa mdogo wangu, ninayefanya naye kazi – hospitali nzima inamwita Chapuchapu – kaja mbio. Kakipata kipande mtandaoni, jina lile lile. Baba mkubwa, tukiweke tu, dakika moja! Nimeuliza: cha nani? Hajui. Hakuna anayejua. Akaunti ya aliyekiweka ilifunguliwa siku ile ile ya mgawanyo. Mkarimu gani huyu, aliyejua shida yetu kabla hatujalalamika?

Jumatano, 5 Machi

Nimekisoma mstari kwa mstari. Kinasoma mizani kwa adabu kabisa. Ila kuna kona moja inapiga simu nje, inatuma habari kwa siri kwenye anwani isiyojulikana. Mizani ina nani wa kumpigia? Chapuchapu kacheka: labda inamsalimia mama yake. Kisha kaacha kucheka.

Hakiwekwi.

Alhamisi, 6 Machi

Muuguzi mkuu hanitazami usoni. Wanaandika uzito kwa mkono, na leo mtoto wa kilo 14 kaandikwa 41. Aliyeshtuka ni mama yake! Mzee, muuguzi kaniambia, wewe unaogopa mwizi, mimi naogopa kuua. Nimeanza kuandika kipande chetu wenyewe. Jumatatu kitakuwa tayari, nikiachwa nifanye kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi muuguzi mkuu kapiga simu, furaha tupu. Mzee, mizani imeamka yenyewe! Ubarikiwe!

Yenyewe?

Nimemgeukia Chapuchapu. Kaapa hajagusa kitu, machozi yanamlengalenga. Namwamini – na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Tumefuatilia kifurushi kwa kifurushi. Kile cha kuchapa lebo za dawa kilijisasisha jana, na toleo jipya limembeba mgeni yule yule, kipande tulichokikataa. Sisi tumekaza komeo la mlango wa mbele, kumbe kaingia na mtu wa nyumbani!

Tumeng'oa waya wa mtandao. Nimemwambia muuguzi azuie dozi zote. Naye kauliza: na zilizokwisha kutolewa?

Naandika nikiwa wodini, daftari juu ya kitanda kitupu. Chapuchapu kaweka jiwe la kilo tano kwenye mizani. Inasema tano. Umeona, Baba mkubwa? Tano kamili! Wauguzi wameshusha pumzi, mmoja kanyoosha mkono kwenye trei ya dawa.

Nimemzuia: mwongo hodari huanza na kweli. Nimemwambia Chapuchapu aliondoe jiwe, aliweke tena.